Kumi za Zarbahar, Ishirini za Bibi

2 Septemba
Shule imefunguliwa tena baada ya likizo ya kiangazi. Darasa la kwanza hadi la tano, chumba kimoja, ubao mmoja, jiko moja la kuni, na mwalimu mmoja ambaye ni mimi, Mehrnigar, niliyeishiwa sauti kabla ya saa nne. Ubao nimeugawa mafungu matano kwa mistari ya chaki. Ninapowafundisha la pili kutoa, la tano wanapaswa kufanya kazi ya kimya. Aliyebuni maneno hayo, kazi ya kimya, hajawahi kufika huku milimani Chitral.

Zarbahar amerudi. Huu ni mwaka wake wa tatu darasa la tano. Anakaa nyuma kwa sababu magoti hayaingii tena chini ya dawati, na wadogo wanamwita Bibi Darasa. Anawafunga kamba za viatu hao hao wanaomwita hivyo.

Baba yake, Panah, alimleta hadi mlangoni akabaki nje.

"Mwalimu, nimempa miaka miwili, na huu wa tatu. Mtihani wa Desemba ukimshinda, simleti tena."

"Anafaulu masomo yote, Baba Zarbahar. Ni hesabu tu."

"Basi hiyo 'hesabu tu' ndiyo inayofanya watu watucheke. Mimi nikichekwa si kitu. Yeye anachekwa kila siku."

Nikasema sawa. Nikaingia ndani na hasira zangu, nikavunja chaki mbili bure.

5 Septemba
Jiko linafuka moshi. Tumesoma nje. Ng'ombe wa jirani amekula daftari la Shuja wa darasa la kwanza, na Shuja amefurahi mno.

11 Septemba
Nimemwita Zarbahar ubaoni. Kumi na tano kujumlisha kumi na nane. Akaandika 213, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Nikaeleza tena. Tano na nane ni kumi na tatu, andika tatu, beba moja. Hili nimemweleza hadi ulimi umeota sugu. Akaitikia ndiyo, Mwalimu. Nikampa nyingine, kumi na sita kujumlisha kumi na saba. Akaandika 213 tena.

Mwaka jana mwalimu mkuu wa shule kubwa ya bondeni, ambako watoto wetu hufanyia mtihani, aliniambia mbele ya watu: "Huyu hana kichwa cha hesabu. Mfundishe kushona." Nilimchukia. Leo, nikifuta ubao, nilijikuta nafikiri labda yuko sahihi, nikajichukia mimi.

12 Septemba
Mvua. Watoto tisa.

18 Septemba
Mifugo inateremshwa kutoka malishoni juu. Nusu ya darasa wako njiani na mbuzi. Shuja amenieleza kwa urefu kwamba mbuzi wao ana akili kuliko la tatu wote. Sikumbishia.

24 Septemba
Leo naandika mpaka wino uishe.

Nilikuwa na darasa la pili. La tano nilikuwa nimewaandikia hesabu ubaoni katika fungu lao: 17 + 18 + 9. Zarbahar akainuka kwa zamu yake akaandika 34. Shuja, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mistari, akapiga kelele: "Bibi Darasa kakosea tena!"

Jibu ni 44. Nilikwenda na kitambaa nifute, mkono tayari uko juu, ndipo nikaona kitu. Juu ya safu ya kushoto alikuwa ameweka kijimoja kidogo. Alikuwa amebeba. Msichana niliyemlilia mwaka mzima abebe, leo amebeba bila kuambiwa.

"Hii moja umeitoa wapi?"

"Zimefika ishirini, Mwalimu. Saba, nane, tisa, ni ishirini na nne. Nimebeba ishirini, zimebaki nne."

"Na ile siku nyingine, tano na nane, mbona hukubeba?"

Akanitazama kwa huruma kidogo, kama mtu anayeulizwa kwa nini hakunywa chai iliyokuwa bado haijachemka.

"Ilikuwa kumi na tatu. Haikufika ishirini."

Nilikaa juu ya dawati la Shuja.

Sisi watu wa huku tunahesabu kwa ishirini. Sitini kwetu ni ishirini tatu. Hamsini na tatu ni ishirini mbili na kumi na tatu. Na walnati, zile njugu za ganda gumu zinazotulisha majira yote ya baridi, huhesabiwa hivyo tangu enzi za mababu: ukifikisha ishirini unatenga moja pembeni iwe alama, unaanza upya. Zarbahar amezihesabu na bibi yake tangu hajaota meno ya mbele. Hesabu hiyo aliibeba nzima nzima akaileta ubaoni. Safu ya kushoto, kwake, ni ya ishirini. Kumi na tano iliyoandikwa ni ishirini moja na tano. Kumi na nane ni ishirini moja na nane. Zikikutana ni ishirini mbili na kumi na tatu: mbili, kisha kumi na tatu. 213!

Nikamtungia nyingine, na nyingine. Kila moja aliikosa kitabuni na kuipata kwa ishirini. Hakukosea hata mara moja. Watoto wengine kumi na watatu wa shule hii wanasema ishirini nyumbani na kumi shuleni bila kujua wamevuka mpaka. Yeye ni mwaminifu mno. Alipewa sheria moja akaishika kila mahali.

Nikaanza kucheka. Nikacheka hadi machozi, na darasa lote likanyamaza kwa mara ya kwanza tangu Septemba ianze. Zarbahar akadhani namcheka yeye, akafunika uso kwa shela.

"Mwanangu, hukukosea," nikamwambia. "Miaka mitatu hukukosea. Sisi ndio hatukujua unahesabu nini."

Akafunua jicho moja. "Basi mbona nilifeli?"

Swali zuri. Nitalijibu kabla ya Desemba au niache chaki.

25 Septemba
Nilikwenda kwa Panah. Alikuwa juu ya mti wa walnati na fimbo ndefu, anazipiga zidondoke. Nikamweleza kutoka chini, shingo ikiniuma, walnati zikininyeshea. Fimbo ikasimama.

"Rudia hapo, Mwalimu. Alibeba zilipofika ishirini?"

"Ndiyo."

"Na isipofika, hakubeba?"

"Hakubeba."

"Sasa angebebaje haijafika?"

"Ndivyo alivyoniambia yeye."

Akakaa kwenye tawi. Akacheka kicheko kirefu cha mtu asiyecheka mara kwa mara. "Hata mimi ningefeli," akasema. Kisha akajifuta uso kwa kiwiko, na kwa sauti nyingine kabisa: "Na mimi nilikuwa namwambia ajitahidi."

Nilikuwa nimemweka kwenye fungu la akina baba wagumu. Nimemtoa.

1 Oktoba
Walnati, walnati. Hakuna shule ila kwa muda wa saa mbili asubuhi. Mikono ya kila mtoto ni myeusi kwa utomvu wa maganda, na wangu pia. Daftari zote zina alama za vidole. Hakuna sabuni duniani inayouondoa.

6 Oktoba
Panah ametoa amri nyumbani kwake: mwaka huu Zarbahar atahesabu kwa kumi. Nikaalikwa kushuhudia, maana bibi, mzee Khoshbegim, alikuwa amekataa kata kata.

"Kumi?" alisema, akinikazia macho mimi, mhalifu mkuu. "Kumi ni nusu ya hesabu. Unausimamishaje mkono njiani, kabla haujafika?"

"Ni ya kitabuni, bibi," akasema Zarbahar.

"Kitabu kina walnati ngapi?"

Wakakubaliana wahesabu rundo lile lile, mmoja baada ya mwingine. Bibi kwanza. Vidole vyake vinakwenda huwezi kuvifuata. Akapata alama kumi na moja pembeni, na walnati kumi na tatu zimebaki. Zikarudishwa. Zarbahar akaanza, kumi, kumi, kumi, midomo ikitembea. Akapata alama ishirini na tatu, zimebaki tatu.

"Ishirini na tatu!" bibi akafoka. "Mimi kumi na moja, yeye ishirini na tatu! Kuna mtu ameingiza walnati zake humu!"

Panah akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

Zarbahar hakucheka. Alizitazama alama kwa muda. Akahesabu ishirini moja kama ya bibi, akaigawa mara mbili. Akahesabu ya pili, akaigawa. Alipofika ya tano nikaona uso wake umebadilika, umekuwa wa mtu aliyepapasa mlango gizani na kupata kitasa.

"Bibi, kila ishirini yako ni kumi zangu mbili. Kumi na moja zako ni ishirini na mbili zangu."

"Na ile moja iliyozidi?"

"Imo kwenye zile kumi na tatu zilizokubakia. Wewe hukubeba, kwa sababu hazikufika ishirini. Mimi nimebeba."

Bibi akachukua walnati moja, akaipasua kwa jiwe, akamlisha mjukuu wake nusu. "Basi sote tumepata," akasema. "Ila mimi nimechoka kidogo kuliko wewe."

Kila nyumba hapa ingepaswa kuwa na mzee kama huyu na kila shule ingepaswa kumwogopa.

9 Oktoba
Nimechora maduara mawili sakafuni kwa chaki. Nyumba ya ishirini na nyumba ya kumi. Nimewaambia wote, kutoka la kwanza hadi la tano: kwa bibi tunaishi nyumba ya ishirini, kitabuni tunaishi nyumba ya kumi. Zote ni nyumba zetu.

Na nimempa Zarbahar darasa la kwanza. Niwe mkweli: nusu ya sababu ni kwamba nilihitaji mikono. Anawaketisha chini na kikapu cha walnati, na mimi napata robo saa nzima na la nne.

14 Oktoba
Shuja: "Mwalimu, Bibi Darasa ni mkali kuliko wewe."

22 Oktoba
Nasikia la kwanza wanavyomuuliza Zarbahar. Kwa nini kumi? Kwa nini tisa haibebwi? Mbona sifuri inakaa pale kama haina kitu? Maswali ambayo mtoto wa la tano angeona haya kuyauliza, mtoto wa la kwanza anayauliza akiwa na kamasi puani. Na Zarbahar analazimika kuyajibu. Leo alikaa na swali la sifuri muda mrefu, kisha akasema, "Inashika nafasi ya mtu ili asinyang'anywe." Jibu hilo nimeliiba. Nimelitumia kwa la tatu.

30 Oktoba
Baridi imeanza. Kila mtoto alete kuni moja asubuhi. Shuja ameleta kijiti.

8 Novemba
Siku mbaya.

Mwalimu mkuu wa bondeni amekuja kutoa jaribio kwa la tano. Akakuta la kwanza wako chini na vikapu. "Hili ni darasa au ghala?" akauliza. Kisha akaona mikono yetu. "Na wote mmetoka kuchimba makaa?"

Watoto wangu wanne wa la tano wakafanya jaribio. Wawili vizuri, mmoja hivi hivi. Zarbahar amepata mbili kati ya ishirini. Mbili! Mwaka jana alikuwa anapata tano.

Nikaziangalia hesabu zake na nikaelewa, na kuelewa hakukunisaidia. Ameanza kwa kumi, katikati amebeba kwa ishirini, chini amerudi kwenye kumi. Zamani alikuwa na nyumba moja. Sasa nimempa mbili na amelala mlangoni.

"Nilikuambia," mwalimu mkuu akasema. Hakusema kwa ubaya, na hilo liliniuma zaidi. "Una watoto wengine, Mwalimu Mehrnigar. Usizame na mmoja."

Zarbahar alikuwa nyuma yetu, akizoa walnati za wadogo. Alizipanga kikapuni taratibu, akakiweka juu ya meza yangu, akaondoka.

9 Novemba
Hakuja.

11 Novemba
Hakuja. Darasa la kwanza wamegoma. Lalzari, ambaye ndiye mpole wao, ameniambia mimi sijui kufundisha sifuri.

13 Novemba
Nilikuwa najifunga shela niende kwao, nimeshapanga maneno ya kumwomba Panah, nikawaona wanapanda njia. Yeye mbele, binti nyuma, theluji nyembamba mabegani.

"Huyu anasema yamekwisha," akasema Panah. "Nimemwambia mimi nilisema Desemba. Novemba si Desemba."

Zarbahar akaangalia chini. "Baba, utachekwa."

"Nimeshachekwa vya kutosha, mmoja zaidi hanipunguzi. Ingia ndani, mlango unaingiza baridi."

Akamsukuma kidogo begani, akageuka, akaenda zake. Nilisimama na maneno yangu yote niliyoyapanga, sina pa kuyapeleka.

14 Novemba
Limetokea jambo, na lazima nilieleze polepole.

Zarbahar alikuwa na la kwanza tena. Wanachanganya nyumba, kama yeye. Akawaambia, "Mkiingia nyumba ya kumi, acheni ishirini mlangoni. Kama viatu. Nani anaingia nyumba ya watu na viatu?"

Shuja akainuka, akavua viatu, akaviweka nje ya duara la chaki, akaingia na soksi zilizotoboka kidole. Wengine wote wakamfuata. Darasa likaangua kicheko, na la nne wakaacha hesabu zao za sehemu.

Zarbahar alicheka pia. Kisha akaacha kucheka. Akavitazama vile viatu vidogo vilivyojipanga. Akainama, akafungua kamba zake, akavua vya kwake. Akaja ubaoni na soksi, bila kuitwa, akaichukua chaki mkononi mwangu.

Akajiandikia mwenyewe: 17 + 18 + 9. Akaangalia miguu yake. Akaandika 44.

Nikampa nyingine. Akaipata. Nikampa ya kuzidisha. Akaangalia miguu, akaipata. Hesabu kumi mfululizo, akikosea moja tu, na hiyo aliiona mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Shuja alikuwa anapiga makofi kwa viatu vyake.

Ni uchawi? Hakuna uchawi. Alihitaji kitu cha kumkumbusha yuko nyumba gani, na baridi ya sakafu inakumbusha vizuri kuliko mimi.

20 Novemba
Darasa zima limebaki na soksi.

27 Novemba
Mzee Khoshbegim ameleta soksi nene za sufu alizofuma. "Mmemfundisha mjukuu wangu kupata mafua," akaniambia. Ameleta na za kwangu. Sijui amejuaje.

10 Desemba
Mtihani. Tulishuka bondeni kabla ya jua, mimi, la tano wangu wanne, na Panah ambaye alisema ana shughuli huko chini. Hakuwa na shughuli yoyote.

Ukumbi ulijaa watoto wa vijiji saba. Nilisimama mlangoni na walimu wenzangu. Karatasi ya hesabu ikagawiwa. Zarbahar akainama, akavua viatu, akavisogeza pembeni ya kiti, kimoja sambamba na kingine. Watoto wa karibu wakaanza kukonyezana.

Mwalimu mkuu akamwendea.

"Wewe, kwa nini umevua viatu? Baridi hii?"

"Nimeingia nyumba ya kumi, Bwana," akasema Zarbahar, kwa adabu, kama mtu anayetaja saa.

Ukumbi ukacheka. Yeye akachukua kalamu. Mwalimu mkuu akabaki pale, akiitazama karatasi kutoka juu ya bega lake. Akasimama kwa hesabu ya kwanza. Akasimama kwa ya pili. Nilitarajia aende kwa wengine. Alipokuja kunipita mlangoni akaninong'oneza, "Nani kamfundisha kubeba?"

"Darasa la kwanza," nikasema.

17 Desemba
Matokeo husomwa uani, kuanzia wa juu. Panah alikuwa juu ya ukuta na akina baba wengine. Theluji ilikuwa inaanguka kidogo kidogo.

Miaka miwili Zarbahar amesimama kwenye ua ule akisubiri mwisho, maana waliofeli husomwa mwisho. Amezoea. Jina la kwanza liliposomwa alikuwa anamfunga Shuja skafu. Shuja alikuwa amelilia kuteremka nasi mpaka tukachoka kumkataza. Jina la pili, alikuwa anamfuta pua.

"Wa tatu, Zarbahar, binti wa Panah."

Hakugeuka. Hakulisikia jina lake kwa sababu hakuwahi kulisikia limetajwa mapema hivyo.

"Zarbahar binti wa Panah! Hesabu, kumi na tisa kati ya ishirini. Yupo?"

"Bibi Darasa, ni wewe!" Shuja akapiga ukelele. "Ni wewe! Ni wewe!"

Na juu ya ukuta baba mtu mzima, mwenye ndevu, akaruka chini, akaanguka kwenye theluji, akainuka bila kujikung'uta. Hakumkimbilia binti. Alinijia mimi, akasimama mbele yangu, mdomo wazi, na kitu pekee alichoweza kusema ni, "Wa tatu, Mwalimu. Kutoka juu?"

"Kutoka juu, Baba Zarbahar."

Nililia mbele ya walimu wa vijiji saba na sijutii chozi hata moja.

20 Desemba
Siku ya mwisho kabla ya likizo ya theluji. Machi Zarbahar ataanza shule ya bondeni, atakaa kwa shangazi yake. La kwanza wametangaza kwamba hawataki kuingia la pili bila yeye. Nimewaambia tutajadili.

Katikati ya kipindi mlango ukafunguliwa kwa goti. Panah, na gunia zima la walnati begani. Akalitua kando ya jiko.

"Za darasa," akasema. "Zihesabuni mpendavyo."

Kelele zikalipuka. Nusu wakapaza ishirini, nusu kumi, Shuja akapaza zote mbili. Nilitaka kunyamazisha, lakini Zarbahar alikuwa ameshasimama kwenye ukingo wa duara la chaki, mikono kiunoni.

"Nyumba ya kumi leo! Viatu nje!"

Viatu vikaruka kila upande. Panah alikuwa anaelekea mlangoni. Akasita. Akamtazama binti yake, kisha duara, kisha binti yake tena.

"Na wewe, baba," akasema Zarbahar.

Panah akainama, akaanza kufungua kamba za buti zake.